Furaha ya mjini niitafute wapi?

Swali: Naishi Kawangware, nafanya kazi katikati ya jiji la Nairobi. Siku zangu ni matatu, foleni na bili. Furaha nitaipata wapi bila pesa nyingi?

Jibu: Ndugu yangu, anzia njia unayopita. Moi Avenue, ghorofa ya chini ya jumba la Nyaraka za Kitaifa, kuna hazina ya Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya: sanaa kutoka pembe nyingi za Afrika. Kiingilio ni kidogo. Usikimbilie kuona vyote. Chagua kinyago kimoja, ukitazame mpaka uone alama za patasi ya fundi.

Wikendi nenda bustani ya miti ya Arboretum, karibu na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kuni za reli. Leo kima wanarukaruka humo, na mara nyingi utakuta vikundi vikiimba vivulini. Sogea usikilize.

Na furaha ya kutoa? Mfuko ukiwa mtupu, damu unayo. Chupa moja ni kama mililita 450 tu, na kuna mama anayevuja damu baada ya kujifungua anayeihitaji leo. Kabla ya kwenda kutoa damu, kula vizuri na unywe maji.