Spea ya zamani si chuma chakavu: somo la Land Rover

Katika ukurasa huu msomaji amezoea kukuta bei za mazao na viwango vya kubadilishia fedha. Wiki hii tutazame bidhaa ambayo haina mnada wala bei elekezi: sehemu za gari la kale. Wengi wanazo uani, chini ya mwembe, na hawajui kama ni mali au takataka.

Tuliosoma biashara tulifundishwa kukokotoa uchakavu. Gari likipunguzwa kila mwaka asilimia 25 ya bei ya kununulia, baada ya miaka minne thamani yake vitabuni ni sifuri. Kwa mhasibu hesabu hiyo ni sahihi, lakini soko lina daftari lake. Mwezi Januari 2016 Defender ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza. Mwaka huo huo kampuni ilitangaza mpango wa kukarabati Land Rover 25 za Series I, magari yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, na kuziuza upya.

Mjomba wangu alijifunza jambo hili kwa hasara. Aliuza kwa kilo mikanda ya chuma iliyozunguka bodi ya nyuma ya Land Rover yake, kwa kuwa ilikuwa imefifia na kupinda. Badala yake alinunua ya kuiga, iliyopakwa rangi tu. Mvua za masika mbili hazikupita kabla haijaanza kutoa kutu. Ile ya awali ilihitaji kunyooshwa na kuchovywa zinki upya, basi.

Ili msomaji asirudie kosa hilo, afuate hatua hizi.

Kwanza, tambua aina ya chuma. Land Rover ilipoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao. Kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Chasisi na ukuta unaotenganisha injini na dereva vilikuwa vya chuma kilichopakwa rangi. Bampa na mikanda ya bodi, kwa magari mengi ya mwanzo, vilichovywa zinki kama bati la nyumba. Tumia sumaku: isiponasa, hiyo ni aluminiamu.

Pili, gawa spea mafungu matatu: za kusafisha tu, za kukarabati na za kutupa. Usione huruma kwenye breki. Mipira ya silinda na mabomba yake ya mpira hununuliwa mapya. Brekilaini za zamani huenda zina asbesto, hivyo vumbi lake lisipulizwe kwa kompresa. Lilowanishe kwanza, kisha ulifute. Hapa anayeweka akiba ya shilingi anaweka rehani mapafu ya fundi na roho za abiria.

Tatu, toa kutu bila kula chuma. Kwa vipande vidogo vya chuma, tumbukiza katika ndoo ya plastiki yenye maji na magadi soda. Unganisha waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 kwenye spea, na waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida, bila kuacha viwili hivyo vigusane. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya, kwani maji hupata sumu ya kromiamu. Fanya kazi hiyo nje, mbali na moto, maana hewa ya hidrojeni inayotoka hulipuka. Aluminiamu isiingie katika ndoo hiyo, wala isioshwe kwa kostiki soda, ambayo huiyeyusha.

Nne, chagua umaliziaji unaostahili. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 za Selsiasi hivi, na birika la kuchovyea huwa karibu nyuzi 450. Chuma chembamba kinaweza kujikunja. Kipande chenye uwazi uliozibwa lazima kitobolewe kabla, la sivyo unyevu ulionaswa ndani hugeuka mvuke na kupasuka kwa kishindo. Ukitaka kupaka rangi juu ya zinki, tumia praima maalumu ya zinki. Rangi ya kawaida hubanduka.

Tano, unaporudisha, tenganisha aluminiamu na chuma kwa rangi au utepe wa mpira. Vikigusana penye unyevu wa chumvi, kama Tanga au Zanzibar, aluminiamu huliwa polepole na kugeuka unga mweupe.

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme bampa la kuiga ni shilingi 200,000, na usafiri na ushuru ni 80,000, jumla 280,000. Kunyoosha la zamani ni 50,000 na kulichovya zinki ni 100,000; jumla 150,000. Umeokoa 130,000, na gari limebaki na bampa lake la awali, jambo ambalo mnunuzi wa magari ya kale hulipia. Lakini kama gari hilo linabeba watalii na linaingiza 70,000 kwa siku, ucheleweshaji wa siku mbili unameza faida yote. Kwa hiyo muda nao uandikwe kwenye hesabu, pamoja na maelewano ya maandishi na fundi kuhusu siku ya kukabidhi.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu, shika sumaku na kalamu. Anayenunua kwa kilo hulipia uzito tu, na kazi iliyokwisha kufanyika katika chuma hicho huipata bure.