Nyumba ya Magurudumu Nayo Yataka Kiwanja: Somo Kutoka Bandari ya Juba



Katika mikutano ya matawi swali moja limekuwa likirudi tena na tena, hasa kwa wenzetu wa mashamba ya chai na mkonge waliobakiwa na miaka miwili mitatu kazini: nikitoka kwenye nyumba ya kampuni nitakaa wapi? Siku hizi swali hilo huja na jibu lake. Wapo wanaosema kwamba watachukua kiinua mgongo, wanunue basi dogo kuukuu au kontena, waweke kitanda na jiko, waishi humo bila kumlipa mtu kodi ya nyumba. Wamesikia habari za wazee wa Marekani wanaoishi ndani ya magari mwaka mzima kwa pensheni ndogo.

Jibu hilo hatulicheki. Mtu aliyeishi miaka 30 katika nyumba ya mwajiri, anayejua kwamba siku ya mwisho wa kazi ndiyo siku ya kukabidhi ufunguo, ana haki ya kutafuta njia yoyote. Lakini njia hiyo hapana budi tuipime kabla ya fedha kutoka mfukoni, maana kiinua mgongo hulipwa mara moja tu.

Kwa kuipima tumechagua Bandari ya Juba, katika Sudani ya Kusini, ambako madereva wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania hufika na ambako Kiswahili husikika kila siku pamoja na Kiarabu cha Juba. Pale kando ya Mto Nile kuishi ndani ya vyombo na masanduku ya chuma si habari ya magazetini. Ni maisha ya kawaida.

Wanaoishi ndani ya vyombo

Kwanza wapo mabaharia wa matishari. Kutoka Kosti, nchini Sudani, hadi Juba ni kilometa 1,400 hivi za maji, na tishari linalosukumwa dhidi ya mkondo, likipita katika magugu ya Sudd, huchukua majuma. Muda wote huo mabaharia hulala, hupika na hufua juu ya chombo. Juba ndiyo mwisho wa safari, kwa sababu kusini yake mto una maporomoko na mawe hadi Nimule, na meli haipiti.

Pili wapo madereva na matingo wao. Mzigo ukitoka Mombasa hupita Malaba, Kampala, Gulu na Elegu, kisha kutoka Nimule hushika barabara ya lami ya kilometa 192, iliyokamilika mwaka 2012, mpaka Juba. Dereva hulala ndani ya kabini, huoga kwa maji ya dumu, hupika chini ya trela. Mwezi wa Aprili 2021, baada ya wenzao kuuawa katika mashambulizi ya barabarani, madereva walikataa kuingia Sudani ya Kusini, na malori yakapanga foleni Elegu kwa siku nyingi. Foleni ile yote ilikuwa mtaa wa nyumba za magurudumu. Kama yupo anayetaka kujua ubora na ubaya wa kuishi ndani ya gari, asiende mbali. Amuulize dereva wa lori.

Tatu wapo wa makontena. Baada ya mapatano ya amani ya tarehe 9 Januari 2005 mji ulijaa watu kabla haujajengwa. Hoteli na ofisi zilifunguliwa ndani ya mahema na makontena kandokando ya mto. Kontena hufika juu ya lori, hushushwa, hukatwa madirisha, na siku hiyo hiyo mtu hulala humo. Mchana wa jua la Juba, lisipotiwa kivuli na upepo, huwa tanuri.

Sasa tuangalie kwa nini maisha haya huwezekana kwa watu hawa. Baharia na dereva wako kazini. Mafuta hununuliwa na mwenye chombo, gurudumu likipasuka si lao, na nyuma yao, Kosti au Machakos au Mbale, ipo nyumba inayowangoja. Chombo ni mahali pa kulala safarini. Mwenye kontena naye amepanga ardhi, au mwajiri wake ameipanga. Ukiondoa mshahara na ukaondoa ardhi, kinachobaki ni sanduku la chuma tu.

Watu waliofika na milango yao

Bandari hii imekwisha kutoa mfano mwingine, na kwa maoni yetu huo ndio wenye mafunzo zaidi. Kabla na baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, maelfu ya watu wa kusini waliokuwa wakiishi Khartoum na miji mingine ya kaskazini walirudi kwao, wengi kwa matishari. Hawakuja mikono mitupu. Walibeba vitanda, makabati, mabati, hata milango na fremu za madirisha waliyong'oa katika nyumba walizoziacha. Kwa maneno mengine, walifika na nyumba zao vipande vipande.

Walichokosa ni mahali pa kuzisimamisha. Wengi wao walikaa kando ya bandari, mizigo ikiwa ukuta na turubai likiwa paa, wengine kwa majuma, wengine kwa miezi, wakingoja kiwanja. Na katika mji wa Juba kukaa bila kibali si salama: mwaka 2009 serikali ilikuwa imebomoa vibanda vingi vilivyojengwa bila ruhusa. Buldoza haliulizi kama kibanda kina mlango mzuri kutoka Khartoum.

Basi jambo la kwanza la somo letu ni hili. Paa ni sehemu rahisi ya makazi; hununuliwa, huhamishwa, hushonwa. Sehemu ngumu ni haki ya kusimama mahali, pamoja na maji, choo na njia ya kupitia. Gari-nyumba halimwondolei mstaafu sehemu hiyo ngumu. Humwahirishia tu mpaka jioni atakapotafuta mahali pa kuegesha.

Hao wazee wa Marekani

Hapa wenzetu hutuambia: mbona Wamarekani wanaweza? Nasi tujibu kwa habari kamili.

Katika jimbo la Nevada ulikuwapo mji uitwao Empire, wa kampuni ya US Gypsum, iliyotengeneza mbao za jasi za kujengea kuta. Nyumba zilikuwa za kampuni, kama zetu za mashambani. Tarehe 31 Januari 2011 kiwanda kilifungwa kwa kukosa soko, baada ya miaka 88. Familia ziliruhusiwa kubaki mpaka watoto wamalize mwaka wa shule mwezi wa Juni, kisha mji ukahamwa, na hata namba yake ya posta ikafutwa. Mwandishi Jessica Bruder alisimulia habari kama hizo katika kitabu chake cha mwaka 2017, Nomadland, kilichotengenezewa filamu mwaka 2020. Kwa hiyo wengi wa wazee wale hawakuchagua gari kwa kupenda kutembea. Pensheni ya serikali haikutosha kodi ya nyumba na chakula kwa pamoja, wakaacha nyumba.

Tena hawakupumzika. Tangu mwaka 2008 kampuni ya Amazon ilikuwa na mpango wa kuwaajiri wazee wa magari kwa miezi ya kabla ya Krismasi. Ada ya mahali pa kuegesha ililipwa na kampuni, nao wakatembea saa nyingi kwenye sakafu ya saruji wakiokota bidhaa za maghala. Mwenye chama atatambua mara moja huo ni ujira wa namna gani: nyumba na kazi kushikwa tena na mkono mmoja, kama kule Empire.

Na wana kitu kimoja ambacho sisi hatuna. Serikali yao ina ardhi kubwa ya umma jangwani, ambako kwa kawaida mtu huruhusiwa kupiga kambi siku 14 mahali pamoja. Karibu na mji wa Quartzsite, Arizona, zimetengwa sehemu za kukaa tangu 15 Septemba hadi 15 Aprili kwa ada ya dola 180 kwa msimu mzima, na maji yapo. Huyo mzee ana gari, lakini pia ana kiwanja kwa sheria. Kando ya barabara ya Kericho au Korogwe, au kando ya Nile pale Juba, nani ametenga kiwanja kama hicho?

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni. Mstaafu na mkewe wana pensheni ya shilingi 15,000 kwa mwezi na kiinua mgongo cha 900,000. Basi dogo kuukuu ni 600,000, kulitengeneza 150,000. Akiba imebaki 150,000. Kila mwezi: mahali pa kuegesha penye mlinzi 3,000, maji, madumu mawili kwa siku kwa shilingi 20 kila moja, 1,200, choo na bafu la kulipia kwa watu wawili 1,800, makaa 1,500, simu na kuichaji 600, chakula cha 250 kwa siku 7,500. Jumla ni 15,600. Wamepungukiwa na 600 kabla ya dawa, bima ya gari na gurudumu. Chumba cha kupanga cha 3,500 kingewazidishia 500 tu juu ya ada ya kuegesha, na zile 750,000 zingekuwa bado mkononi, kwa kununua hata kipande kidogo cha ardhi.

Kila tawi liweke bei za mahali pake. Huenda jibu likabadilika. Mtu mmoja asiye na familia, mwenye afya na ufundi wa kutembeza, kama kushona viatu au kutengeneza redio, gari laweza kumfaa kwa kuwa ni karakana yake pia.

Tusisahau kwamba fedha yenyewe huhama. Tarehe 15 Desemba 2015 Sudani ya Kusini iliiacha pauni yake ielee. Bei ya serikali ilitoka pauni 2.96 kwa dola ikawa 18.5 hivi. Aliyekuwa na akiba ya pauni 10,000 alilala nayo ikiwa dola 3,300 na zaidi, akaamka nayo ikiwa dola 540. Kufikia mwaka 2024 dola moja ilipita pauni 1,000. Mwenye kiwanja aliamka na kiwanja kile kile.

Pia ni lazima mjue mnalipwaje. Uganda mfanyakazi huchanga asilimia 5 na mwajiri 10, na mafao hutolewa kwa mkupuo afikapo miaka 55. Tanzania pensheni ya kila mwezi yahitaji michango ya miezi 180. Mwenye mkupuo ndiye aliye karibu zaidi na kishawishi cha basi kuukuu, naye ndiye asiyekuwa na kitu cha mwezi ujao.

Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, humtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au posho ya nyumba. Haki hiyo hufuata ajira. Ajira ikiisha nayo huisha. Hapo ndipo mkataba wa pamoja unapohitajika, na kazi ya kuutafuta ni ya chama, si ya mzee mmoja mmoja mwenye virago mlangoni.

Maswali ya kujadiliwa katika tawi

Mkataba wetu wa sasa humpa mstaafu siku ngapi kabla ya kukabidhi nyumba, na je, tuombe ngapi? Katika tawi letu ni wanachama wangapi waliobakiwa na miaka mitano ambao hawana kiwanja popote? Chama chetu cha akiba na mikopo hukopesha kwa ununuzi wa ardhi, au kwa karo na maziko tu? Rudieni hesabu ya hapo juu kwa bei za kwenu.

Katibu wa tawi aandike majibu pamoja na bei zilizopatikana, ayapeleke ofisi ya elimu ya chama kabla ya mazungumzo ya mkataba kuanza.