Ubao wa X99 na Prosesa ya Seva: Soma Kabla Hujalipa



Mwaka jana kamati yetu ya habari ilichanga fedha ili tupate kompyuta ya kuhariri video za darsa za Jumamosi. Tulikuwa wanane, na kila mmoja alitoa kwenye posho yake. Mtandaoni tukaona kifurushi: ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, umeandikwa X99, pamoja na prosesa ya Xeon na RAM, vyote kwa bei isiyotosha hata laptopu ya mtumba. Tukalipa. Mzigo ulipofika tukaunga, tukawasha, feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Kwa wiki mbili tulimlaumu muuzaji. Baadaye tuligundua kwamba kosa la kwanza lilikuwa letu, na la pili lilikuwa lake. Nitayaeleza yote mawili, maana najua wenzetu wa uhandisi na takwimu nao wanaviangalia vifurushi hivihivi.

Kwanza tujue kwa nini ni rahisi. Kampuni zenye vituo vya data hubadilisha seva zao kila baada ya miaka kadhaa, hata kama bado zinafanya kazi, kwa sababu mashine mpya hula umeme mdogo kwa kazi ileile. Prosesa za Intel Xeon E5 zikatoka kwa wingi namna hiyo. E5-2680 v4 yenye kori 14 ilitoka mwaka 2016 kwa bei elekezi ya dola 1,745. Leo iliyotumika hupatikana kwa chini ya dola 30. Prosesa haichakai kwa urahisi. Mbao za seva ndizo tatizo, kwa kuwa zina maumbo na plagi za pekee zisizoingia kwenye kasha la kawaida. Viwanda vidogo vya China vikaona nafasi: vikatengeneza mbao mpya za umbo la kawaida, mara nyingi kwa kutumia chipseti zilizong'olewa kwenye mbao kuukuu. Majina kama Huananzhi na Machinist yalikulia hapo.

Kwa hiyo neno X99 kwenye tangazo lisikupumbaze. X99 ni chipseti halisi ya Intel ya mwaka 2014, lakini mbao nyingi za aina hii zina chipseti nyingine, kama B85 au H81, ambazo zilitengenezwa kwa kompyuta ndogo za ofisini. Zinafanya kazi, ila milango ya USB na SATA ni michache. Soma maelezo ya chini, si kichwa cha tangazo.

Soketi nayo ina mtego wake. Xeon E5 za kwanza na za v2 hukaa kwenye LGA 2011, za v3 na v4 kwenye LGA 2011-3. Idadi ya pini ni moja, lakini haziingiliani. Ukipewa chaguo, chukua v3 au v4: zina maagizo ya AVX2, ambayo programu nyingi mpya zinayadai, na v2 hazina. Kwa kawaida v3 na v4 hutumia DDR4. Chache, kama E5-2678 v3, hukubali pia DDR3, basi hakikisha ubao na RAM vinazungumza lugha moja. RAM za seva zenye rejista ni rahisi na prosesa hizi huzipokea, lakini usizichanganye na RAM za kawaida kwenye ubao mmoja.

Sasa kosa letu. Prosesa hizi hazina sehemu ya picha ndani yake. Bila kadi ya picha, hakuna kitakachoonekana, hata ubao uwe mzima namna gani. Kadi ya kawaida ya mtumba ilitutoa gizani kwa dakika kumi. Kwa hiyo piga hesabu yote kabla ya kufurahia bei: kadi ya picha, pawa saplai nzuri yenye plagi ya pini 8 ya prosesa, kipoozeo cha soketi hiyo, kasha, diski, usafirishaji na kodi za forodha. Kwetu vitu hivyo vilizidi bei ya kifurushi chenyewe.

Kosa la muuzaji lilikuwa hili: tangazo lilisema RAM ingefanya kazi kwa chaneli nne, ubao ukaja na chaneli mbili tu, na kipande kimoja cha RAM kilikuwa kibovu. Tulikigundua kwa Memtest86+, tulipoiacha ikiendelea usiku kucha. Bahati nzuri ndugu mmoja alikuwa amerekodi video tangu mkasi unakata gundi, na muda wa malalamiko ulikuwa haujaisha. Tulirudishiwa sehemu ya fedha. Ungebonyeza kitufe cha kuthibitisha kupokea siku ya kwanza, ungelia peke yako.

Mzigo ukifika, chunguza pini za soketi kwa tochi kabla ya kuweka prosesa. Soma maandishi ya juu ya prosesa. Ikiwa na neno Confidential, hiyo ni ya majaribio ya kiwandani. Kisha washa Linux kutoka kwenye flashi na uandike lscpu, uone kama jina na idadi ya kori vinalingana na ulichokilipia. Gusa pia kwa tahadhari vipoozeo vya karibu na soketi. Vikichoma, ongeza feni hapo.

Je, inafaa? Kwa kubana video, mashine pepe, na hesabu ndefu za takwimu, ndiyo. Kwa Word na kuvinjari, hapana: Core i3-12100 yenye kori nne tu itaipita kwa wepesi. Umeme pia upo. Mashine ya wati 200 kwa saa nane ni yuniti 1.6 kwa siku, na umeme ukikatika haina betri. Windows 11 haizitambui rasmi prosesa hizi, na msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Sisi tunatumia Ubuntu.

Na ukija kumuuzia mwenzako, mtajie aibu zake zote. Ukificha, ana khiyari ya kukurudishia.

Yetu bado iko ofisini. Haikubali kulala, lazima uizime kabisa, na tumeshabadilisha betri ya BIOS mara moja. Video ya darsa iliyokuwa ikichukua usiku mzima kwenye laptopu ya katibu sasa huisha kabla ya Isha.