Kanisa Dogo la Malindi: Jinsi ya Kulizuru Ukitokea Athi River

Mkazi wa Athi River anayetamani kuona kanisa la enzi za Wareno hahitaji pasipoti. Reli inapita karibu na kwake, na mwisho wa safari kuna pwani ambako Wakristo walisali ndani ya kuta za mawe zaidi ya miaka 300 kabla mji wa Nairobi haujazaliwa. Anachohitaji ni kujua mapema anaenda kuona nini. Asipojua, atasimama mbele ya kanisa la Malindi, achungulie mlangoni, apige picha mbili na kuondoka akiona nauli yake imepotea.

Wengi wetu tumelelewa na picha za kalenda za makanisa ya Ulaya ya mtindo wa baroko: nguzo zilizosokotwa, malaika waliochorwa darini, dhahabu kila pembe, na dirisha lililofichwa ili mwanga udondokee altareni tu. Mtindo huo ulianzia Roma mwishoni mwa karne ya 16, na Wareno waliubeba mpaka Goa, India. Kwetu hawakujenga hivyo. Kanisa la Malindi ni chumba kimoja kidogo chenye kuta za mawe ya matumbawe na paa la makuti, kimezungukwa na makaburi, na bahari iko hatua chache tu. Nenda ukilijua hilo, nalo litakupa mengi.

Kabla ya kukata tiketi, soma historia yake kidogo. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, akapokelewa vizuri na sultani baada ya kukosana na watu wa Mombasa. Tangu hapo Malindi ikawa rafiki wa Wareno, na meli za kwenda India zikawa zinatia nanga hapo kuchukua maji na chakula. Mwaka 1542 mmoja wa abiria alikuwa padri Fransisko Ksaveri, Mjesuiti, akielekea Goa. Mtu mmoja wa meli yake alifariki, wakamzika Malindi kwa ibada ya Kikristo. Katika barua aliyoiandika Goa mwezi wa Septemba mwaka huo, Ksaveri anaeleza kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na heshima aliyopewa marehemu. Anasimulia pia jinsi mzee mmoja Mwislamu alivyomlalamikia kuwa kati ya misikiti 17 ya mji, ni mitatu tu iliyokuwa na waumini, akamuuliza kama Wakristo nao wamepoa hivyo. Kwangu mimi, mazungumzo hayo ya watu wawili wa dini mbili, kila mmoja akiihangaikia imani ya watu wake, ndiyo sababu kubwa ya kwenda Malindi. Kanisa hilo linahusishwa na ziara hiyo. Na mwili wa Ksaveri mwenyewe umehifadhiwa Goa, katika basilika ya Bom Jesus iliyowekwa wakfu mwaka 1605, ambayo ni ya baroko kwelikweli. Itafute kwenye intaneti uione picha yake, kisha uiweke akilini ukiingia chumba kile cha makuti. Ni watu walewale, bahari ileile. Tofauti ni fedha na idadi ya watu waliobaki kuishi kila upande.

Sasa safari. Treni ya Madaraka Express inayosimama stesheni ndogo ndiyo yako, ile ya asubuhi, kwa sababu zile za moja kwa moja hazikuchukui Athi River. Kata tiketi kwa simu kupitia *639#, ulipe kwa M-Pesa, na uhakikishe umechagua Athi River kama mahali pa kupandia. Fika stesheni saa nzima kabla: mizigo hukaguliwa, na visu au pombe havipiti. Kaa dirishani ukiweza. Utapita Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na Mariakani, ushukie Miritini, stesheni ya Mombasa, mchana. Ukifika Mariakani ujue kwamba Rabai haiko mbali. Ndiko Johann Ludwig Krapf alikofungua misheni mwaka 1846, na ndiko alikotokea mwaka 1849 kuja Ukambani, akapokelewa na mfanyabiashara Kivoi na kuuona Mlima Kenya kutoka Kitui. Watu wa Machakos na Kitui wakiulizwa habari za Ukristo wao zilianzia wapi, Rabai imo katika jibu. Ukiwa na siku ya ziada, jengo la kanisa la zamani pale sasa ni makumbusho, lipitie.

Usikimbilie Malindi siku hiyohiyo. Lala Mombasa, asubuhi uende Ngome ya Yesu. Nasisitiza utaratibu huu kwa sababu ngome inakufundisha macho. Ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, miaka ileile Bom Jesus ya Goa ilipokuwa ikianza kujengwa. Ndani ya ua kuna mabaki ya kanisa la Wareno yaliyofukuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman, ambaye aliifanyia ngome kazi kubwa kabla haijafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Kabla ya hapo Waingereza waliigeuza jela tangu 1895. Watalii wengi huyapita mabaki hayo wakikimbilia mizinga. Wewe simama. Zunguka msingi, hesabu urefu na upana kwa hatua zako, uchore mstatili kwenye daftari. Weka alama mahali ulipodhani mlango ulikuwa, na upande wa altare. Ramani hiyo mbovu uliyoichora mwenyewe itakusaidia kuliko picha 50 za simu, maana kuchora kunakulazimisha kuamua ukuta unaishia wapi.

Halafu nenda kwenye michoro ya ukutani iliyohifadhiwa ndani ya ngome. Ilichorwa na watu wa kawaida, mabaharia au askari waliokuwa zamu, na utaona meli, samaki, watu na majengo ya kanisa. Hao hawakuwa mafundi wa Roma. Walikuwa vijana waliokaa mbali na kwao, wakichora walichokikumbuka. Anayetaka kujua Mreno wa Mombasa aliwaza kanisa lenye sura gani, jibu lake la karibu zaidi liko hapo.

Ukitoka, tembea Mji wa Kale kwa miguu ukishika Ndia Kuu. Watawa wa Kiagostino walikuwa na nyumba yao Mombasa, lakini usitegemee kuona konventi imesimama. Agosti 1631 sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, alimuua kapteni wa ngome, akarudi kwenye Uislamu, na Wareno waliokimbilia kwa watawa hao wakauawa. Wareno walirudi baadaye, ila Waomani waliwatoa mwaka 1698 baada ya kuizingira ngome kwa takriban miaka mitatu. Habari hii isome kabla, usimuulize mtu barazani kana kwamba ni ugomvi wa jana. Mji wa Kale ni nyumbani kwa watu, wengi wao Waislamu. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, wanaume kwa wanawake. Ijumaa adhuhuri wapishe watu wanaokwenda msikitini. Mwanzo wa kila mazungumzo ni salamu: shikamoo kwa mzee, ungoje marahaba, muulizane hali, ndipo utoe swali lako. Ule mtindo wetu wa Athi River wa kumwita kila mtu "boss" na kudai jibu papo hapo, uache stesheni. Picha ya mlango uombe. Picha ya mtu uombe mara mbili.

Mtu akijitolea kukuongoza, muulize kitambulisho chake cha kazi na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza. Mwongozaji mzuri ana thamani ya fedha zako. Kwenye malango ya Makumbusho ya Taifa beba kitambulisho cha taifa, kwa kuwa kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni, na uwe na salio kwenye simu kwani malipo hupitia eCitizen. Malindi uliza kama tiketi ya makumbusho ya mji inakuingiza pia kanisani na kwenye nguzo ya Vasco da Gama, usije ukalipa mara mbili.

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi kwa matatu, kupitia Mtwapa na Kilifi. Ondoka alfajiri. Kanisa linapendeza zaidi kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri, na hili si suala la joto tu. Jua likiwa chini, mwanga hupita ubavuni mwa ukuta na kuonyesha kila kovu: alama ya mwiko, mahali plasta ilipofumuka, kiraka cha jana na cha miaka 100 iliyopita. Saa sita mchana ukuta mweupe ni mweupe tu. Aprili na Mei mvua za masika huharibu mpango huu wote, basi chagua mwezi mwingine.

Anza nje. Zunguka jengo lote kabla ya kuingia, ukichunga usikanyage makaburi wala kukalia mawe yake, hata kama hayana majina. Utakuta na makaburi ya Wazungu wa zama za ukoloni, wa karne nyingi baada ya Ksaveri; usichanganye nyakati. Kisha usogelee ukuta, mikono ikiwa nyuma.

Hapa mtu wa Athi River ana faida ambayo mgeni wa Lisbon hana. Mji wetu unaishi kwa saruji. Kiwanda cha East African Portland Cement kiko hapa tangu miaka ya 1950, na ni nadra kukuta familia isiyo na fundi au dereva wa lori la simiti. Basi tazama ukuta huu kwa jicho la fundi. Kwa asili hauna saruji hata chembe. Matumbawe yalikatwa, mengine yakachomwa juu ya magogo mpaka yakawa chokaa, chokaa ikazimwa kwa maji na kuchanganywa na mchanga. Jiwe na kiunganishi chake vimetoka katika bahari moja. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu unaoingia hupata njia ya kutoka. Ukizibwa kwa saruji ngumu, maji na chumvi hubaki ndani, na jiwe la pembeni huanza kumomonyoka kama unga ilhali kiraka chenyewe kinaonekana kizima. Ndiyo maana wahifadhi wa majengo ya pwani wanasisitiza chokaa irekebishwe kwa chokaa. Popote pwani uendapo, tafuta kingo za viraka vya kijivu, utazame kinachoendelea pembeni mwake. Ukishaliona mara moja utaliona kila mahali, hata kwenye nyumba za Lamu.

Ndani, vua kofia kama wewe ni mwanamume, na uzime sauti ya simu. Keti au usimame kimya kwa muda ambao Misa fupi ingechukua, hata kama hukuja kusali. Macho yakishazoea kivuli, fuata mwanga: unaingilia wapi, unaangukia wapi? Wajenzi wa baroko waliutawala mwanga kwa hila za madirisha; hapa mlango ndio unaoutawala. Inua macho uone boriti na jinsi makuti yalivyofungwa. Makuti hayadumu, yanabadilishwa kila baada ya miaka michache, hivyo paa unaloliona ni kazi ya mafundi wa leo wa Malindi walioendeleza mkono wa kale. Mtunza mahali akiwepo, muulize nani huezeka na makuti hutoka wapi. Maswali kama hayo huwafurahisha walinzi kuliko yale ya miaka na majina, maana wanayajibu kwa wanachokijua wenyewe. Usitumie tochi kali wala flashi, na usikwaruze chokaa "kuonja" ugumu wake.

Watoto wapewe kazi. Mmoja ahesabu hatua, mwingine atafute maumbo ya matumbawe kwenye jiwe lililo wazi. Mtoto asiye na kazi hupanda juu ya kaburi.

Kabla ya safari hii yote unaweza kufanya zoezi karibu na nyumbani. Nenda Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917 kwa ramani ya Temple Moore wa Uingereza. Ni la mtindo wa Kigothi, lingali hai, kwa hiyo usitembee na kamera wakati wa ibada. Uliza ofisini saa ya kuzuru. Zunguka nje, pima kwa hatua, fuata mwanga.

Tiketi ya kurudi ikate siku ileile ya kukata ya kwenda, hasa karibu na Pasaka, Krismasi na kufunga shule. Na kwa kuwa treni ya kurudi inayosimama Athi River nayo huondoka Miritini asubuhi, usilale Malindi usiku wa mwisho. Rudi Mombasa jioni yake, ukijipa nafasi ya foleni ya Mtwapa, ulale upande wa kisiwani au Changamwe, na asubuhi ufike stesheni saa moja kabla.