SUKARI IKISHUKA MWILINI, TUFANYE NINI?

Wahenga walinena kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi siku moja nilishindwa kumfaa rafiki yangu kwa kutojua tu.

Jirani yangu wa dawati ana ugonjwa wa kisukari. Kila asubuhi hujidunga insulini. Siku hiyo alijidunga, kisha akakimbilia matatu bila kunywa chai. Kufikia saa nne alikuwa anatetemeka na jasho linamtoka, ilhali kulikuwa na baridi. Ukimwuliza jambo, anajibu ovyo kama mlevi. Nasi tukamcheka! Kwa bahati nzuri mwalimu wa Bayolojia aliingia, akaagiza sukari kutoka jikoni mbio mbio.

Mimi nilishangaa. Kwani sukari si adui wa mwenye kisukari? Mwalimu akatufafanulia kuwa insulini hupunguza sukari katika damu. Mgonjwa akijidunga halafu asile, au akicheza mpira sana, sukari hushuka kupita kiasi. Ubongo huitegemea sukari hiyo, ndiposa akili huvurugika.

Dalili zake ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, hasira bila sababu na ulimi kuwa mzito.

Ukiziona, fanya hivi:

1. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu chupa ya soda ya mililita 300. Isiwe ile soda isiyo na sukari.

2. Ngoja dakika 15 ukiwa naye. Asipopata nafuu, mpe tena, na mwite mtu mzima.

3. Akipata nafuu, ale mkate, ndizi au viazi vitamu ili sukari isishuke tena.

4. Akizirai, usimtie chochote kinywani, kwani atasakamwa. Mlaze kwa ubavu, apelekwe hospitali upesi.

5. Usimdunge insulini kamwe! Itaishusha sukari zaidi.

Rafiki yangu alipona baada ya muda mfupi, akaniuliza, "Mbona ulikuwa unanicheka?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, mkobani mwangu hamkosi kifuko cha sukari. Wewe je, jirani yako wa dawati akianza kutetemeka, utacheka ama utamfaa?