Kituo cha Falaki Kisicho na Kuba



Katika somo hili tutazungumzia elimu ya falaki, yaani elimu ya nyota, mwezi na sayari. Hatukusudii ule utabiri wa nyota unaosomwa magazetini. Huo ni jambo jingine kabisa. Tunakusudia kueleza namna mtu asiye na darubini anavyoweza kuchunguza mbingu kwa picha na vipimo vya darubini kubwa kabisa duniani.

Mpango huo twaweza kuuita kituo pepe cha falaki. Neno "pepe" ni lile lile la barua pepe. Kituo hiki hakina jengo wala kuba. Ni maghala mengi ya data, kila moja katika nchi yake, yaliyounganishwa kwa intaneti hata mtumiaji akayaona kama ghala moja.

Je, fikra hii ilitoka wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa kompyuta, wakiwemo Ian Foster na Carl Kesselman, walieneza fikra ya gridi. Wengi wetu tunalijua neno hili kwa gridi ya taifa ya umeme. Ukiwasha taa huulizi umeme wake umetoka bwawa lipi. Wao walitaka nguvu za kompyuta zipatikane vivyo hivyo: kompyuta zilizo mbalimbali zifanye kazi pamoja, na mtu ajitambulishe mara moja tu, asiulizwe neno la siri kila mlango. Wanafalaki waliipokea fikra hii mapema. Uingereza ilianza mradi wa AstroGrid mwaka 2001, Marekani nayo ikaanza wake mwaka huo huo, na Juni 2002 ukaundwa umoja wa kimataifa ujulikanao kwa kifupi IVOA.

Kazi ngumu haikuwa kuunganisha kompyuta. Ilikuwa kukubaliana lugha. Tuseme ghala moja limeandika mahali pa nyota kwa saa na dakika, jingine kwa digrii. Moja linapima mwangaza kwa kipimo cha kale, ambacho nyota ing'aayo zaidi hupewa namba ndogo; jingine linapima nishati, na huko namba kubwa ndiyo mwanga mwingi. Tena mhimili wa dunia huyumba polepole, duru moja kwa miaka kama 26,000, na kwa hiyo namba za mahali pa nyota hubadilika. Jedwali lililopangwa kwa mwaka 1950 na lile la mwaka 2000 huweza kupishana kwa zaidi ya nusu digrii, yaani zaidi ya upana wa mwezi mpevu. Mwenye kuyaunganisha hivi hivi ataoanisha nyota hii na jirani yake, na hesabu yote itaharibika.

Jambo hili si geni kwa wanazuoni wetu. Abdurrahman al-Sufi, aliyeandika kitabu chake cha nyota mnamo mwaka 964, aliitumia orodha ya Ptolemy yenye zaidi ya nyota 1,000. Hakuinakili tu. Longitudo zake aliziongeza digrii 12 na dakika 42 ili zilingane na zama zake, na mwangaza wa nyota akaupima upya kwa macho yake mwenyewe.

Leo usawazishaji huo umewekewa kanuni. VOTable, muundo wa jedwali uliotolewa mwaka 2002, huipa kila safu nafasi ya kueleza imebeba kipimo gani na kwa kizio gani. Kanuni nyingine yasema: taja mahali angani na upana wa duara, ghala litakujibu kwa jedwali la vyote vilivyomo. Nyingine hukuruhusu kutuma swali likafanyiwe kazi huko huko kwenye data. Hii tunaiona ndiyo yenye faida kuliko zote, kwani darubini ya Rubin ya Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, imeundwa kukusanya kama terabaiti 20 kwa usiku mmoja. Nani ataweza kushusha mzigo huo nyumbani?

Je, pana kilichopatikana? Naam. Mwaka 2004 Paolo Padovani na wenzake wa Ulaya waliunganisha data za darubini za Hubble na Chandra zilizo angani, pamoja na ile ya VLT ya Chile. Walitafuta vitu vinavyotoa eksirei nyingi lakini mwanga wake wa kawaida ni hafifu. Wakapata mashimo meusi makubwa yapatayo 30 yaliyokuwa yamefichwa na vumbi. Hawakuelekeza darubini yoyote upya. Data zote zilikuwa tayari ghalani.

Mradi wa AstroGrid umekwishamaliza muda wake, lakini kanuni zimebaki, na programu ya TOPCAT iliyokuzwa nao hutolewa bure hadi leo. Bure pia ni Aladin, ya kituo cha data cha Strasbourg, Ufaransa.

Zoezi: fungueni Aladin na mwandike M31. Hiyo ni galaksi ya Andromeda, ambayo al-Sufi aliitaja kuwa wingu dogo. Itazameni kwanza kwa mwanga wa kawaida, kisha chagueni picha ya infraredi, muone pete za vumbi zilizoizunguka. Mwandike katika daftari tofauti mlizoziona baina ya picha hizo mbili.