Mafunzo Niliyopata kwa Waogiek wa Mau

Naishi Njoro, chini ya msitu wa Mau, na mara kwa mara hupanda huko juu kuzungumza na wazee wa Kiogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa msitu huo. Haya ndiyo niliyojifunza kwao.

1. Mrina asali ana sababu ya kuulinda mti. Mzee mmoja alinionyesha anavyotengeneza mzinga: anapasua gogo la mtarakwa, anachonga ndani vipande vyote viwili, anavifunga pamoja, kisha anaupandisha juu ya mti. Mtarakwa hauozi upesi, kwa hiyo mzinga mmoja hutumika miaka mingi. Lakini nyuki wanahitaji maua, na maua yanahitaji miti iliyokomaa. Ukikata mti, umekata na asali.

2. Msitu ule ulikuwa na wenyewe. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake, kutoka juu mlimani hadi chini, kwa sababu maua hayachanui wakati mmoja kila mahali. Mgeni akiingia, alijulikana. Wanaodhani Mau ilikuwa pori lisilo na mwenyewe ndio waliofungua njia ya kuimaliza.

3. Mau ikikatwa, kiu inafika mbali. Hapa ndipo yanapoanzia maji ya mto Mara, unaonywesha wanyama wa Maasai Mara na Serengeti kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Mto wetu wa Njoro unaingia Ziwa Nakuru, na kiangazi kikikaza, sehemu zake hukauka kabisa. Na Mau imepunguzwa kweli: mwaka 2001 serikali ilitoa maelfu ya hekta katika hifadhi ya msitu huo, na wengi waliopewa mashamba hawakuwa Waogiek.

4. Kumfukuza mlinzi si kuhifadhi. Sisemi kila Mwogiek ni mlinzi wa msitu. Wengine leo wanalima mahindi na viazi kama sisi. Hata hivyo, si wao waliougawa msitu huu. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwaondoa msituni, na kwamba uhifadhi wa mazingira haukuwa sababu ya kutosha. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85 na wapewe hatimiliki ya pamoja ya ardhi yao. Novemba 2023, familia za Waogiek zilibomolewa nyumba tena huko Sasimwani, Narok.

5. Sheria tunazo. Ibara ya 63 ya Katiba ya 2010 inataja ardhi za asili za jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Kinachokosekana ni utekelezaji. Serikali itekeleze hukumu ya Arusha, na ianze na hatimiliki. Nasi tunaokunywa maji ya Mau tuidai pamoja na Waogiek.